Mafuta ya Mama Yana Kalenda Yake

Mimba ikiwa ya miezi mitatu, mama huambiwa ale sana kwa kuwa sasa wako wawili. Ikifika miezi minane, bibi, shangazi na mama mkwe hubadili wimbo: mwanangu, punguza chakula, mtoto asije akanenepa ukashindwa kumsukuma, ukaishia kupasuliwa. Sisi tunaopima uzito kliniki na kupokea watoto leba tumeyasikia maneno hayo miaka nenda rudi. Yanatoka kwa watu wenye mapenzi, lakini kalenda yake imepinduliwa. Mwili wa mama hujiwekea mafuta mapema, bila kudai sahani ya pili. Miezi mitatu ya mwisho ndiyo akiba hiyo hutolewa kwa kasi, na hapo ndipo njaa ya mama humfikia mtoto moja kwa moja.

Tuanze na miezi ya kuweka. Tangu mimba ingali changa hadi kama wiki ya 28 hivi, insulini ya mama hufanya kazi yake vizuri, hamu ya kula hurudi kichefuchefu kikishatulia, na mafuta yanayotoka kwenye chakula huingizwa kwenye seli za mafuta za mapaja, makalio na mgongo. Mama mwenye lishe ya kutosha hujiwekea kilo 3 hadi 4 za mafuta, sawa na takriban kilokalori 30,000, na sehemu kubwa huwa imekwisha kuwekwa kabla ya wiki ya 30. Mtoto mwenyewe wakati huo anadai kidogo: wiki ya 20 ana gramu 300 na kitu. Ndiyo maana nyongeza ya chakula inayopendekezwa kimataifa ni ndogo mwanzoni, kilokalori 85 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, yaani ndizi mbivu moja. Inapanda hadi 285 katika miezi mitatu ya kati, na 475 katika mitatu ya mwisho. Ngazi hiyo inakwenda kinyume kabisa na ushauri wa nyumbani.

Uzito tunausoma kwa kuanzia alivyokuwa mama kabla ya mimba. Chukua kilo zake, gawanya kwa urefu wake kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Akipata kati ya 18.5 na 24.9, kwa mimba nzima anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16. Aliye chini ya 18.5 aongezeke kilo 12.5 hadi 18. Aliye kati ya 25 na 29.9, kilo 7 hadi 11.5, aliyefika 30 na kuendelea, kilo 5 hadi 9. Hivyo ni viwango vilivyotolewa Marekani mwaka 2009, na kwetu vina shida moja kubwa: akina mama wengi huja kliniki kwa mara ya kwanza mimba imeshapita wiki ya 20, na uzito wa kabla ya mimba haujulikani. Hapo utepe wa mkono ndio msaada. Pima mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia umelegea, utepe ukigusa ngozi bila kuibana. Mzingo huo haubadiliki sana kwa sababu ya mimba. Ukiwa chini ya sentimita 23, akiba ni ndogo, na mama huyo asisubiri hudhurio lijalo ndipo aanze kusaidiwa chakula.

Mizani nayo inataka uangalifu. Iwe ile ile kila hudhurio, iwekwe sakafuni pasipo zulia wala mteremko, mama avue viatu na aweke chini mkoba na khanga ya ziada. Baada ya wiki ya 13, mama wa uzito wa kawaida huongezeka kama nusu kilo kasoro kidogo kwa wiki. Akiruka kilo 2 ndani ya wiki moja, usimhubirie habari ya chapati. Mafuta hayawekwi kwa kasi hiyo; hayo ni maji. Pima presha hapo hapo, pima protini kwenye mkojo, muulize kuhusu kichwa kuuma na macho kuona ukungu, maana kifafa cha mimba mara nyingi hubisha hodi kwa njia hiyo. Hili la kuita maji kuwa unene ni kosa linalogharimu maisha, na hutokea pale anayeandika kwenye kadi anapoandika tarakimu bila kuilinganisha na ya mwezi uliopita.

Kisha zamu inageuka. Kondo la nyuma likishakua, homoni zake, hasa ile iitwayo laktojeni ya kondo, hufanya seli za mama zisiitikie insulini kama zamani. Seli za mafuta zilizokuwa zikipokea sasa zinaachia: asidi za mafuta na gliseroli humwagika kwenye damu, mama anaanza kuchoma mafuta kwa matumizi yake, na sukari anamwachia mtoto. Ini nalo hufungasha asidi hizo kuwa trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri kwenye damu, na kuzirudisha humo. Kufikia kujifungua, trigliseridi huwa zimepanda mara 2 au 3 ya zilivyokuwa kabla ya mimba, na lehemu, yaani kolesteroli, huongezeka kwa robo hadi nusu.

Karatasi ya maabara haijui hayo. Viwango vyake vya kawaida ni vya mtu asiye na mimba, kwa hiyo mama wa wiki ya 34 aliyepimwa damu kwa jambo jingine anaondoka na alama ya kuzidi kwenye kila mstari wa mafuta, anaogopa, anaacha mayai, samaki na karanga wakati mtoto anavihitaji kuliko wakati wowote. Tunashauri hivi: vipimo vya mafuta ya damu visifanywe ovyo katika mimba, na vikifanywa visisomwe bila kuangalia umri wa mimba. Anayetaka kujua hali yake halisi apime tena baada ya wiki 6 tangu kujifungua. Aliyekuwa akitumia dawa za kushusha lehemu amwambie daktari mara tu anapojua ana mimba, kwa sababu wengi husimamishiwa.

Kuna kiwango ambacho si cha kupuuzwa. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, chembe nyekundu hukaa chini na juu hubaki maji ya rangi ya majani makavu, mepesi kiasi cha kuona kidole upande wa pili wa chupa. Ya mjamzito wa miezi ya mwisho huweza kuwa na ukungu kidogo. Lakini yakiwa meupe kama maziwa yaliyomiminwa, trigliseridi huenda zimepita milimoli 11 kwa lita, na kongosho liko hatarini kuvimba. Mama mwenye damu ya namna hiyo akipata maumivu makali juu ya kitovu yanayochoma hadi mgongoni, pamoja na kutapika, ni wa hospitali siku hiyo hiyo, siyo wa dawa ya kiungulia.

Jambo linalotokana na zamu hii na linaloonekana kila asubuhi ni njaa. Daktari Norbert Freinkel wa Chicago aliieleza kama njaa iliyoharakishwa. Mtu asiye na mimba akikaa bila kula usiku kucha hana neno. Mjamzito wa miezi ya mwisho akila chakula cha jioni saa 2 usiku kisha asitie kitu kinywani hadi saa 6 mchana, amekaa saa 16, na sukari yake imeshuka huku ketoni, yaani mabaki ya mafuta yaliyochomwa, zikipanda kwa kasi kuliko kwa mwanamke mwingine. Anaona kizunguzungu, kichwa kinamgonga, kichefuchefu kinarudi, pumzi inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Mkojo wake ukionyesha ketoni na hatapiki, swali la kwanza liwe: ulikula lini mara ya mwisho? Dawa ya hapo ni kifungua kinywa. Viazi vitamu viwili na yai, au uji mzito wenye karanga zilizosagwa, ndani ya saa moja tangu aamke, na kitu kidogo kabla ya kulala.

Na hapa sisi watoa huduma tunakosea wenyewe. Mama huitwa aje bila kula kwa kipimo cha sukari, anafika saa 12 asubuhi, damu inatolewa saa 5. Katika mimba ya wiki ya 28, huko ni kumtia kwenye njaa tunayomwonya nayo. Walio na kipimo cha namna hiyo watangulizwe kwenye foleni, na waambiwe mapema waje na chakula kwenye kibakuli, wale mara damu ya mwisho inapochukuliwa.

Kuhusu Ramadhani, dini imempa mjamzito ruhusa ya kufungua anapohofia nafsi yake au mtoto, na siku hizo hulipwa baadaye. Masuala ya malipo amuulize sheikhe wake. Kwa upande wetu, mwenye kisukari anayechoma insulini, mwenye mapacha, mwenye mkono chini ya sentimita 23 na aliyewahi kujifungua mtoto njiti tunamwomba asifunge. Anayechagua kufunga asiache daku, ailie karibu kabisa na alfajiri, na iwe na maharage, mayai au samaki badala ya chai na maandazi matupu ambayo huisha mwilini kabla ya adhuhuri. Mtoto akipunguza kucheza, au mama akitapika au akahisi kuzimia, afungue papo hapo.

Turudi kwa bibi na hofu yake ya mtoto mkubwa, kwa sababu ni hofu ya kweli na inastahili jibu la kweli. Jibu bora tunalolijua lilitoka Gambia, eneo la Keneba, ambako wajawazito wa vijiji 28 walishirikishwa katika jaribio la chakula. Waliopewa nyongeza walikula kila siku biskuti za karanga, unga wa mchele, sukari na mafuta ya karanga, kuanzia wiki ya 20, zenye jumla ya kilokalori kama 1,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Katika msimu wa njaa, watoto wao waliwazidi wenzao kwa wastani wa gramu 201; katika msimu wa mavuno, gramu 94. Waliozaliwa wakiwa wafu walipungua. Na kichwa, ambacho ndicho kinachopita kwenye nyonga? Mzingo wake uliongezeka milimita 3.1. Huo ni mzingo. Upana wa kichwa kizima umeongezeka kama milimita moja tu. Chakula cha miezi ya mwisho humjaza mtoto mafuta na nyama, hakimzibii njia.

Uholanzi ilionyesha upande wa pili wa sarafu. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, chakula kilipokatwa magharibi mwa nchi wakati wa vita, akina mama waliopatwa na njaa mwishoni mwa mimba walizaa watoto pungufu kwa takriban gramu 300. Waliopatwa mwanzoni kisha wakala vizuri baadaye walizaa watoto wa uzito wa kawaida, lakini watoto hao walipokua wakubwa walikuwa na unene na mafuta mabaya ya damu zaidi. Wakati wa njaa ndio uliotofautisha.

Kilokalori 475 za ziada si bakuli la pili la wali. Ni konzi ya karanga, gramu 30 hivi, yai moja la kuchemsha, nusu parachichi na ndizi moja mbivu, vikitawanywa kutwa. Tumbo la miezi minane limebanwa na mji wa mimba, mlo mkubwa hupanda kooni kwa kiungulia, kwa hiyo mara tano kidogo kidogo ni bora kuliko mara mbili kwa kushiba. Mama asiyemudu parachichi aongeze karanga; kinachotafutwa ni nguvu iliyokolea kwenye chakula kidogo, na karanga zinaipata kwa bei nafuu.

Sasa mafuta hayo yanavukaje? Trigliseridi haipiti kwenye kondo ikiwa nzima. Kondo lina vimeng'enya vinavyoikata, asidi za mafuta zinapita moja moja zikibebwa na protini maalumu, na upande wa mtoto huunganishwa upya. Kondo lina upendeleo: DHA, ile asidi ya mafuta inayojenga ubongo na sehemu ya jicho inayopokea mwanga, huvutwa zaidi, hadi uwiano wake kwenye damu ya kitovu huzidi ule wa damu ya mama. Upendeleo huo hauna maana kama mama mwenyewe hana. Mwili hutengeneza DHA kidogo sana, sehemu kubwa hutoka kwenye samaki, na lengo ni angalau miligramu 200 kwa siku. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 70 na karibu wanawake 20,000, yalikuta kwamba nyongeza ya omega-3, kundi la asidi za mafuta ambalo DHA ni mojawapo, ilipunguza kujifungua kabla ya wiki ya 37 kwa asilimia 11, na kabla ya wiki ya 34 kwa asilimia 42. Kwa yeyote anayejua mtoto wa wiki ya 32 anavyopigania pumzi, tarakimu hiyo ya pili ni kubwa.

Tanzania tuna bahati ambayo hatuitumii sawasawa. Watafiti waliopima maziwa ya akina mama wa Ukerewe, ambao samaki ni chakula cha kila siku, na ya Wamasai, ambao hawali samaki, walikuta tofauti kubwa sana ya DHA. Dagaa wa ziwani, dagaa wa Kigoma, vibua na sadini za pwani, vyote vinafaa. Mara 2 au 3 kwa wiki, jumla ya gramu 225 hadi 340, inatosha. Samaki wadogo wana faida nyingine: hawaishi muda mrefu, kwa hiyo zebaki haiwahi kujilimbikiza mwilini mwao. Papa na nduaro mjamzito awaache.

Dagaa wakavu wachaguliwe kwa macho na pua. Wazuri wanang'aa rangi ya fedha na wananukia samaki. Waliogeuka njano au kahawia, wakatoa harufu inayokwaruza koo, mafuta yao yameshaharibika kwa hewa na jua, na ndiyo yale yale uliyokuwa unayatafuta. Hutokea zaidi wakati wa mvua, wanapokawia kukauka. Wapepete mchanga, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili haraka, wapike na nyanya na kitunguu kwa mchuzi. Kuwazamisha kwenye mafuta yanayochemka, hasa yaliyokwisha kaangiwa mara kadhaa, huwapunguzia mafuta yao mazuri na kuwajaza ya karai. Mafuta ya alizeti ni mazuri kwa kupikia, ila hayana omega-3 ya maana, hayashiki nafasi ya samaki. Mawese mekundu yana karotini inayogeuka vitamini A, mradi usiyachome hadi wekundu uishe. Mchicha uwekewe kijiko cha mafuta, maana vitamini A, D, E na K hazifyonzwi bila mafuta. Ini lisiliwe mara kwa mara, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu lina vitamini A nyingi mno kwa kijusi.

Mtoto mkubwa wa kuogopwa yupo, ila njia yake ni nyingine. Ni wa mama mwenye kisukari cha mimba kisichojulikana. Sukari huvuka kondo bure, insulini ya mama haivuki, mtoto anatengeneza yake kwa wingi, na insulini hiyo hugeuza kila kinachopita kuwa mafuta ya mabega na tumbo. Kichwa kinatoka, mabega yanakwama. Kwa hiyo mama anayeogopa kupasuliwa asipunguze ugali wa mwezi wa nane. Apimwe sukari kati ya wiki ya 24 na 28. Anakunywa glukosi gramu 75. Kufunga ikiwa 5.1 na zaidi, baada ya saa moja 10.0 na zaidi, au baada ya saa mbili 8.5 na zaidi, kwa milimoli kwa lita, tayari ni ugonjwa, na tarakimu moja tu kati ya hizo inatosha. Soda na juisi viondoke kwanza. Na kwa mama mnene, hata sukari ikitulia, trigliseridi na asidi za mafuta zilizojaa kwenye damu bado zinaweza kumnenepesha mtoto, ndiyo maana tunafuatilia uzito wake hadi mwisho.

Lipo tatizo adimu ambalo kila mkunga anapaswa kulijua: ini la mama kujaa mafuta ghafla, mimba 1 kati ya 7,000 hadi 20,000, kwa kawaida baada ya wiki ya 30. Mama anatapika upya, anaumwa chini ya mbavu za kulia, amechoka, macho yanaanza umanjano. Huku kwetu anaandikiwa malaria au homa ya ini. Vitu viwili vya bei nafuu vinasaidia kushtuka. Cha kwanza, sukari ya kidole: ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita kwa mgonjwa wa namna hii, ini linashindwa. Cha pili, damu mililita 2 kwenye kichupa cha glasi kikavu kisicho na dawa. Kishike kwenye kiganja kipate joto la mwili, baada ya dakika 4 kiinamishe taratibu, kisha kila dakika. Isipoganda ndani ya dakika 7, au ikiganda bonge laini linalovunjika, mgandisho umeharibika. Mpe glukosi kwenye mshipa, mpeleke hospitali kubwa ukiwa umeshapiga simu. Tiba ni kuzalishwa, siyo kusubiri. Mtoto wake naye ana hadithi. Baadhi huzaliwa na kasoro ya kurithi ya kutoweza kuchoma asidi ndefu za mafuta, na mabaki ya asidi hizo ndiyo yaliyoliumiza ini la mama. Asikae zaidi ya saa 3 bila kunyonya, sukari yake ipimwe, na kadi yake iandikwe wazi kwamba akiugua akakataa kunyonya apewe sukari mara moja.

Tuingie leba. Mtoto aliyetimiza miezi ana mafuta asilimia 12 hadi 15 ya uzito wake, kama nusu kilo, na karibu yote yamewekwa katika wiki 10 za mwisho. Bana kidogo ngozi ya paja lake: inajaa vidoleni na kurudi. Ya mtoto aliyekosa chakula tumboni hubaki na mikunjo kama ya mzee. Kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo yapo mafuta ya kahawia, ambayo kazi yake ni kutoa joto tu, kwa kuwa mtoto mchanga hawezi kutetemeka kwa baridi. Mafuta hayo yanachomwa kwa oksijeni, na mwili mzima unaotafuta joto unakula sukari. Akipoa, sukari inashuka. Sukari ikishuka, hanyonyi. Asiponyonya, anapoa zaidi. Tumewaona wakiingia kwenye mzunguko huo kwa sababu ya feni iliyosahauliwa juu ya meza.

Chumba kiwe nyuzijoto 25 hadi 28, madirisha na feni vifungwe kabla mama hajaanza kusukuma, na khanga mbili kavu ziwe zimepashwa. Ya kwanza ni ya kumkausha, kuanzia kichwani, ambako ndiko hupoteza joto zaidi, kisha mgongo, kwapa na mapaja. Ikishalowa itupwe pembeni. Kosa la kila siku ni kumfunika na khanga ile ile yenye unyevu. Anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, khanga ya pili juu yao wote wawili. Ule utando mweupe wa ngozini usifutwe, na kuoga kusubiri saa 24. Joto la kwapani liwe 36.5 hadi 37.5. Pasipo kipimajoto, gusa tumbo na nyayo kwa mgongo wa mkono: tumbo la moto na nyayo za baridi maana yake ameanza kupambana, vyote vikiwa baridi, ameshazidiwa. Sindano ya vitamini K miligramu 1 kwenye paja isisahauliwe, kwa kuwa vitamini hiyo huvuka kondo kidogo sana.

Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ya mara moja ni mililita 5 hivi, kijiko kimoja cha chai, na tumbo lake halihitaji zaidi. Walio chini ya kilo 2.5, waliozidi kilo 4, njiti, na wote wa mama wenye kisukari wapimwe sukari na kunyonyeshwa kila saa 2 hadi 3. Mtoto wa mama mwenye kisukari huwadanganya wengi: amejaa, anapendeza, na ndani ya saa chache sukari inaanguka, kwa sababu kitovu kimekatwa na insulini yake bado inafanya kazi. Ikiwa chini ya milimoli 2.6 kwa lita, paka jeli ya glukosi ya asilimia 40 ndani ya shavu, mililita 0.5 kwa kila kilo, mnyonyeshe, pima tena baada ya nusu saa. Akitetemeka, akilegea au akikataa kunyonya, apewe glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 2 kwa kilo.

Njiti hana mafuta ya kutegemea, basi anaazimwa joto la mama. Jaribio lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, likachapishwa mwaka 2021, lilichukua watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 na kuwaweka kifuani tangu kuzaliwa bila kusubiri watulie; vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliosubiriwa watulie kwanza. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu, awe wima kati ya matiti, miguu kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuliwa kidogo, kitenge kifungwe imara ukingo wake ukifika chini ya sikio. Saa 8 kwa siku ndiyo angalau. Kadiri zinavyozidi ndivyo bora. Baba na bibi wanaweza kupokezana na mama.

Baada ya kujifungua, zamu inageuka mara ya mwisho. Kimeng'enya kinachovuta trigliseridi kutoka kwenye damu sasa kimepanda kwenye matiti, na mafuta yaliyowekwa mapajani mwezi wa nne yanakuwa maziwa. Karibu nusu ya nguvu ya maziwa hutoka kwenye mafuta, na hayo huongezeka kadiri titi linavyoisha. Kwa hiyo anayembadilisha mtoto titi kila dakika tano anamnywesha maziwa mepesi ya mwanzo. Amwache amalize moja, aliachie mwenyewe, ndipo apewe la pili. Mama anahitaji kilokalori 500 hivi zaidi kwa siku. Hapa bibi wana haki kabisa, na tunawaomba wasirudi nyuma: mtori wa Moshi, uji wa pilipili manga wa pwani, supu ya samaki, waendelee kuvileta, na si kwa siku 40 peke yake. Mtoto hupungua kidogo siku za mwanzo. Siku ya 14 tunamrudisha mezani, tunamvua nguo zote, tunasubiri sindano ya mizani itulie, na tunatazama kama amerudia uzito wake wa kuzaliwa na kama mikunjo ya paja imeanza kujaa.